Kura ya Aliyetoka Nje

Kuna kiti ambacho mwenyewe hukikalia mwaka mzima, na siku ya neno lake mwenyewe hukiacha wazi. Usihangaike kunipa mji, jibu nitalitoa mapema: ni kiti cha mkuu wa chuo kikuu, na mwenyewe ni Torunn Aspelund.

Jumanne hiyo ya mwezi wa Machi, theluji ya nje ilikuwa imeshageuka uji wa kijivu, na baraza la chuo lilikuwa limekaa tangu saa tatu asubuhi. Wajumbe kumi na mmoja, chupa mbili za kahawa, mambo kumi na mawili kwenye ajenda. Walipofika jambo la tisa Torunn akavua miwani.

"Jambo la tisa linagusa Idara ya Ufundi wa Mikono," alisema. "Mume wangu anafundisha huko. Nina mgongano wa maslahi. Sjur, kiti ni chako."

Hakuna aliyeinua kichwa. Ndivyo mambo yaendavyo kule kaskazini. Mtu akibaki ndani panapojadiliwa neno la mume au la binamu, uamuzi wote hutupwa, na yeye jina lake hulala gazetini wiki nzima. Hata meya wa mji hutoka nje likitajwa boma la shemeji yake. Torunn alichukua kikombe chake, akatoka, akaufunga mlango taratibu, akakaa kwenye benchi wanalotumia wanafunzi kuvalia mabuti.

Alikaa dakika arobaini. Sauti zilimfikia kupitia mlangoni, maneno hayakumfikia, lakini hata hivyo alihamia mwisho wa benchi, asije mtu akasema alitega sikio. Akasoma tangazo la kwaya, akarudia kulisoma. Kahawa ikapoa mkononi.

Aliyekuja kumwita ni Oddny, karani wa baraza. Ndani, kila mjumbe alikuwa amepata kitu cha kutazama. Sjur Lothe, naibu wake, alikuwa anakunjakunja kona ya karatasi.

"Jambo la tisa limepita," Oddny alisema. "Idara inafungwa kuanzia Agosti."

"Kura ngapi?"

"Tano kwa tano. Zikilingana, kura ya mwenye kiti ndiyo inayoamua."

Torunn alimtazama Sjur. Sjur akaitazama kalamu yake.

"Tano kwa tano," Torunn akarudia. "Haya. Jambo la kumi: maegesho ya magari."

Baada ya kikao Oddny alimfuata hadi kwenye kabati la makoti, akamweleza utaratibu kama anayemwelezea mgeni. Uamuzi ni siri hadi Alhamisi saa sita mchana, mkuu atakapotoa taarifa ya mwezi kwa watumishi wote ukumbini. Asubuhi hiyohiyo, kabla ya mkutano, Arvid Tveiten, mkuu wa kitivo, atawapigia simu walimu wa idara hiyo ili wasiisikie habari yao mbele za watu.

"Wote wanne?" Torunn aliuliza.

"Wote wanne. Ila wewe usiliguse. Wewe una mgongano."

"Najua nina mgongano, Oddny. Nimekaa nao kwenye benchi dakika arobaini."

*

Eilif Haugstad, mumewe, alikuwa na miaka hamsini na saba, na ishirini na sita kati ya hiyo aliitumia kuwafundisha walimu watarajiwa kushika randa na patasi. Kazi nyingine hakuwa nayo, na mji wenyewe haukuwa na nyingine ya kumpa. Kila siku alitangulia kufika nyumbani, basi kupika kulikuwa kwake. Jumanne hiyo alipika samaki na viazi, na mama yake, Gudveig, akapanda ngazi kutoka nyumba ya chini alikoishi peke yake, na sufuria yake ya siagi iliyoyeyushwa mkononi, kwa sababu siagi ya mwanawe hakuiamini.

"Leo zimeletwa mbao," Eilif alisema akimenya viazi. "Nyeupe, kavu, hazina hata fundo. Wanafunzi wanaanza vigoda wiki ijayo. Kuna binti mmoja, Torunn, alikuwa hajawahi kushika msumeno maisha yake yote. Leo amekata pembe ikakaa, wembe haupiti. Akalia."

"Akalia kwa kukata pembe?" Gudveig aliuliza.

"Kwa furaha, mama."

"Siku hizi watu wanalia hovyo." Bibi huyo akamgeukia mkwewe. Alikuwa na miaka themanini na minne, na hamu yake ya habari haikuwa imezeeka hata mwaka mmoja. "Nikutegee, Torunn. Ni nini huingia nyumbani pamoja na mtu, lakini viatu hakivui?"

"Sijui, mama."

"Kazi. Tangu umeingia, sura yako ina viatu. Haya, huko barazani mmesemaje juu ya mbao za mwanangu?"

"Mbao zikitajwa mimi hutolewa nje, mama. Hujui hilo?"

"Kama paka!" Gudveig akacheka mpaka akashika meza. Eilif akacheka naye.

"Mwache, mama. Sisi tuna mkataba: ya chuoni hayavuki kizingiti." Akampa mkewe samaki. "Wameahirisha tena, hiyo ni mara ya nne. Hapana, usijibu. Ingekuwa mbaya ningeshaiona usoni mwako. Uso wako haujui kuficha kitu."

Uso ule ulikuwa unatazama sahani.

"Naomba chumvi," alisema Torunn.

*

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi Arvid Tveiten alifunga mlango wa ofisi yake akaiweka mbele yake karatasi yenye majina manne. Alikuwa mtu mwema na aliichukia simu. Akaanza na Borghild wa ufumaji, naye akalia. Wa pili akauliza habari za pensheni. Wa tatu akatukana, kisha akaomba radhi, kisha akatukana tena.

Jina la nne lilikuwa Haugstad, Eilif. Arvid alishika simu, akairudisha mezani. Huyu, aliwaza, amelala na habari yenyewe kitanda kimoja siku mbili. Nitamwambia nini? Akinijibu kwamba anajua, nitakuwa nimemlazimisha kusema kuwa mkuu wa chuo ametoboa siri. Akijifanya hajui, tutakuwa watu wazima wawili tunaigiza kwenye simu. Kumpigia ni kumwaibisha, na kutompigia ni heshima.

Akatia alama ya vema mbele ya jina la nne, akaenda kujimiminia kahawa. Nusu saa baadaye akamwandikia Oddny: Wote wanne tayari.

*

Ukumbi ulijaa watu mia mbili, kila mmoja na mkate wake wa kutoka nyumbani umefungwa kwa karatasi, kwa sababu mkutano wa mkuu hufanyika saa ya kula na kule hakuna anayesamehe saa ya kula. Nyuma ya jukwaa Sjur alimsogelea Torunn.

"Jambo la saba nisome mimi?"

"Kutoa taarifa si kuamua. Sheria hainikatazi."

"Sizungumzii sheria, Torunn."

"Ukisoma wewe watasema nimejificha. Nilitoka Jumanne. Leo sitoki."

Akapanda jukwaani. Taarifa yake ilikuwa na mambo tisa, kila moja na ukurasa wake kwenye skrini. La kwanza, idadi ya wanafunzi wapya. La pili, pongezi kwa idara ya uuguzi. La tatu, banda jipya la baiskeli, lenye nafasi mia moja na ishirini. La nne, saa za maktaba. Alipofika la tano, ambalo ni mpishi mpya wa kantini na supu zake, mlango wa pembeni ukafunguka, Eilif akaingia. Alikuwa ametoka karakana moja kwa moja, sweta lake limejaa maranda. Walimu wenzake watatu walikuwa wamekaa pamoja safu ya mwisho, mikono imefumbatwa kifuani. Akampungia Borghild. Borghild akaanza kutafuta kitu mkobani. Eilif akashuka hadi safu ya mbele kulikokuwa na nafasi, akaketi, akafungua mkate wake, na mkewe alipomtazama akamwinulia kidole gumba.

Torunn alikuwa katikati ya jambo la sita, madirisha ya jengo la pili. Sauti yake haikubadilika. Mtu aliyeambiwa asubuhi kwamba kazi yake imekwisha hawezi kuinua kidole gumba. Akamtafuta Arvid kwa macho. Arvid alikuwa safu ya tatu, naye alikuwa anamtazama Eilif na kile kidole, na rangi ya uso wake ikawa ya karatasi.

Torunn akanywa maji. Skrini ilikuwa imeshageuka yenyewe, kwa sababu kijana wa mitambo alibonyeza aliposikia ametua. Jambo la saba: Idara ya Ufundi wa Mikono. Watu mia mbili wakaacha kutafuna. Sjur, pembeni mwa jukwaa, akanyanyuka nusu.

Torunn angeweza kuliruka. Angeweza kushuka ngazi tatu na kumwita mtumishi mmoja kando, jambo ambalo asingemfanyia mtumishi mwingine yeyote kati ya wale mia mbili. Sekunde nne zilipita. Kisha akasoma.

"Baraza limeamua kufunga Idara ya Ufundi wa Mikono kuanzia tarehe moja Agosti. Mwaka huu idara ilikuwa na nafasi ishirini na nne na waombaji kumi na mmoja. Wanafunzi waliopo watamalizia masomo katika chuo jirani. Karakana itatengenezwa upya kuwa maabara ya kompyuta." Mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa tangu Jumatano, na macho yake yalikuwa yameshaufikia. "Watumishi wanne wanaohusika wamekwisha kujulishwa."

Eilif alikuwa na kipande cha mkate mdomoni. Alikitafuna hadi mwisho, akakimeza. Aligeuka akatazama safu ya nyuma, akawaona wale watatu, na wao wakamwona. Hapo akaelewa kuwa wenzake wote walijua kabla yake, na kwamba ukumbi mzima uliamini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua.

"Jambo la nane," Torunn alisema. "Kibali cha maegesho."

Mwishoni aliuliza kama kuna maswali. Katika ukumbi ule maswali hayaulizwi, watu huyabeba hadi korido wakaulizana huko. Lakini Eilif aliinua mkono. Kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyekipokea alikitoa upesi.

"Ndiyo, Eilif," mkuu wa chuo alisema.

"Swali langu ni la jambo la tatu," Eilif alisema. "Banda la baiskeli. Litajengwa kwa mbao gani?"

Mtu mmoja akacheka, akajikatiza. Torunn alipekua karatasi zake ingawa jibu alilijua.

"Chuma," alisema. "Chuma na kioo."

"Asante." Akaketi, akapangusa makombo magotini.

*

Torunn aliporudi nyumbani saa kumi na moja jioni, jiko lilikuwa baridi. Eilif alikuwa chumbani, anatia vitu begini: nguo za ndani, mashine ya kunyolea, mto wake.

"Ilikuwa Arvid akupigie simu," Torunn alisema.

"Amekuja karakana. Amelia zaidi ya Borghild, nikamtengenezea chai. Anasema alidhani nimeshaambiwa nyumbani. Kila mtu alidhani. Mama wa usafi naye alidhani. Ni mimi tu sikudhani."

"Sikuruhusiwa, Eilif."

"Najua. Tangu lini ulikuwa unajua?"

"Jumanne. Saa nane mchana."

"Jumanne." Aliufinyafinya mto hadi ukaingia begini. "Jumanne nilikusimulia habari za vigoda. Nikakusimulia yule binti na pembe yake. Wewe ukaniomba chumvi."

"Ungetaka nivunje sheria?"

"Ningetaka usile samaki wangu kwa utulivu vile."

Akashuka ngazi. Gudveig alimpokea mlangoni kwake bila neno, akamtandikia kitanda cha sebuleni, kisha akapanda juu, akasimama kizingitini mwa jiko la mkwewe.

"Nimeambiwa zilikuwa tano kwa tano," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ungebaki kwenye kiti chako, mwanangu angekuwa na kazi."

Torunn akawasha jiko.

"Kutoka nje!" Gudveig alisema. "Watu wanafukuzwa makwao na vita, na wewe unajifukuza mwenyewe!"

Neno la tano kwa tano halikukaa ndani ya nyumba ile peke yake. Kumbukumbu za baraza ni za wazi kwa kila anayetaka kuzisoma, na wengi walitaka. Jumamosi, dukani, mwenye kupokea pesa alipitisha jibini na mkate wa Torunn, akainama kidogo, akasema kwa huruma, "Sheria nayo ni katili, eh? Umeiua kazi ya bwana wako kwa uaminifu." Foleni nzima ikanyamaza kwa adabu. Jumatatu, walimu wenzake walimwambia Eilif maneno hayohayo wakimpiga bega. "Mkeo ni mnyoofu mno, ndugu yangu. Mtu mwingine angebaki, angeinua mkono, idara ingepona." Walikuwa wanamfariji. Mwanzoni ilimfariji kweli. Kupoteza kazi kwa sababu mkeo ni mwaminifu kupita kiasi, hilo mtu anaweza kulisimulia.

Lakini fundi wa mbao huwa na tabia ya kupapasa kitu upande wa chini, pale wengine wasipoangalia. Siku ya tano akiwa kwenye kitanda cha mama yake, Eilif alianza kuipapasa faraja ile. Aliikumbuka sauti ya mkewe akisoma nafasi ishirini na nne na waombaji kumi na mmoja. Hakusoma kama mtu anayesoma uamuzi wa watu wengine.

Mara mbili alipanda ngazi ili amuulize. Ya kwanza alimkuta anaongea na simu ya kazi. Ya pili alifika mpaka mlangoni, akamsikia anakoroga kitu peke yake jikoni, akashuka.

*

Jumatano Oddny alifungua barua za asubuhi, na mojawapo akaisoma akiwa amesimama. Kule barua yoyote inayoingia ofisi ya umma hupewa namba na kuorodheshwa, na orodha iko wazi, mtu yeyote anaweza kuomba aisome. Oddny aliipa namba yake, kwa sababu hakuna barua ambayo aliwahi kuinyima namba, kisha akaipeleka kwa naibu mkuu. Sjur aliisoma, akaenda nayo hadi ofisi ya Torunn, akafunga mlango nyuma yake.

"Imetoka kwa Eilif," alisema.

"Basi siwezi kuipokea. Nina mgongano."

"Najua. Mimi ndiye ninayeishughulikia. Lakini sikiliza." Akasoma. "Kwa ofisi ya Mkuu wa Chuo. Kuhusu jambo la tisa, kikao cha Machi. Naomba kujulishwa: kama mkuu wa chuo asingetoka nje ya kikao, angepiga kura ipi? Wako, Eilif Haugstad, mhadhiri."

Torunn aligeukia dirisha. Chini, wafanyakazi walikuwa wanapima mahali pa banda la baiskeli kwa kamba.

"Mnakaa nyumba moja," Sjur alisema.

"Ghorofa tofauti."

"Tunatakiwa kumjibu. Ni mtumishi, ameuliza kwa maandishi. Ila nimjibu nini? Mimi ninaruhusiwa kujibu na jibu silijui. Wewe unalijua na huruhusiwi. Hiki kitendawili gani?"

"Mwandikie kwamba kura isiyopigwa haina kumbukumbu."

"Hiyo ni kweli," Sjur alisema. "Na ni upuuzi." Akabaki amesimama. "Torunn, hujaniuliza kwa nini nilipiga vile."

"Na sitakuuliza."

"Nilipiga nikiamini kwamba wewe, ukiwa pale..." Akaacha. "Haya. Nitaandika kwamba haina kumbukumbu."

Barua ya jibu ilitoka mchana huohuo, nayo ikapewa namba. Ilikuwa na mistari miwili, na ilimfikia Eilif karakana, kwenye bahasha ya chuo, mbele ya wanafunzi kumi na mmoja na vigoda vyao vya miguu mitatu mitatu.

*

Siku hiyo Torunn alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Bado kulikuwa na mwanga. Alivua koti, akasimama katikati ya jiko lake. Harufu ya viazi vinavyochemka ilipanda kutoka chini kupitia sakafu, na pamoja nayo sauti ya redio ya Gudveig.

Hakuwa mjinga. Alijua kuwa kuna neno moja likitamkwa chini kule, mto utarudi juu usiku huohuo. "Ningeiokoa." Neno dogo. Nani wa kumsahihisha? Mji mzima ulikuwa umeshalisema kwa niaba yake: mpokea pesa wa dukani, walimu, mkwe wake. Kilichobaki ni yeye kuitikia kwa kichwa. Na kura isiyopigwa haina kumbukumbu.

Akashuka. Akagonga, ingawa kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuugonga mlango ule.

Gudveig alifungua kiasi cha uso wake.

"Umekuja kama nani?" aliuliza. "Kama ni mkuu wa chuo, ametuletea barua leo, tumeshaisoma. Ina mistari miwili."

"Nimekuja kumjibu Eilif."

"Ameshajibiwa."

"Mwache aingie, mama," sauti ya Eilif ilisema kutoka ndani.

Alikuwa amekaa mezani, kwenye benchi la ukutani, barua imelala mbele yake kando ya sahani. Torunn hakuketi. Hakuna aliyemkaribisha. Gudveig akazima redio, akarudi kwenye sufuria, akawapa mgongo uliokuwa unasikiliza.

"Umeuliza ningepiga kura ipi," Torunn alisema.

"Nimeuliza ofisi."

"Ofisi haijui. Mimi ninajua." Aliweka mikono nyuma, kama mwanafunzi mbele ya ubao. "Ningeifunga."

Kijiko kikasimama ndani ya sufuria.

"Tatizo si kwamba unafundisha vibaya," Torunn aliendelea. "Hakuna anayefundisha kama wewe. Ni waombaji kumi na mmoja. Mwaka jana walikuwa kumi na wanne, mwaka juzi kumi na saba. Nilikuwa na hesabu hizo mezani tangu Januari. Nilipotoka nje Jumanne, Eilif, nilitoka kwa sababu ya sheria. Lakini nilipokaa kwenye lile benchi nilishukuru. Nilimshukuru Mungu kwamba kuna sheria ya kunitoa."



"Mungu wangu, Torunn," Gudveig alisema bila kugeuka. "Hata kudanganya hujui? Neno moja tu, mwanangu! Angekuja kulala kwake!"

"Ninajua, mama."

"Mimi mgongo unaniuma, nakunja matandiko yake kila asubuhi!"

Eilif aliichukua barua, akaikunja mara mbili, akaipachika chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, akaitikisa meza kwa mkono. Ikatulia.

"Walikuwa kumi na tano," alisema.

"Nini?"

"Mwaka jana. Si kumi na wanne. Mmoja alichelewesha fomu, nikamwombea akakubaliwa."

"Kwenye jedwali wako kumi na wanne."

"Basi jedwali limekosea. Nani kalitengeneza?"

"Arvid."

"Arvid!" Eilif akapumua kwa pua, pumzi ambayo siku nyingine ingekuwa kicheko. Hakumtazama mkewe bado. "Hata kumi na tano usingetuachia."

"Hapana," Torunn alisema. "Hata kumi na tano."

Gudveig alimimina maji ya viazi, mvuke ukafunika dirisha. Akaweka bakuli mezani kwa kishindo, na sahani mbili, zile alizokuwa ameshaziandaa. Alizitazama sahani, akamtazama mwanawe, akangoja. Halikuwa neno la kuamuliwa na yeye.

Eilif alisogea kwenye benchi kuelekea ukutani. Hakusogea sana. Nafasi ya mtu mmoja.